FL Studio, Cubase au Reaper: programu ipi inaifaa studio ndogo ya Mbeya?

Studio nyingi ndogo za Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, huishi kwa wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana anayekuja na mashairi kwenye simu: anataka biti, aingize sauti, aondoke na wimbo. Wa pili ni kwaya. Hawa huja thelathini au arobaini, na mwalimu wao, mpiga kinanda, pengine na gitaa la solo na la besi, wametoka Tukuyu au Mbalizi kwa Coaster, na wanataka albamu nzima. Iringa na Njombe hali haitofautiani sana. Mwenye studio ana kompyuta moja, chumba kimoja na pesa ya programu moja ya kutengeneza muziki, kwa hiyo anaitafuta ile inayosifiwa kwamba ina kila kitu ndani yake.

Programu za namna hiyo zipo kweli. Ndani ya dirisha moja unapanga ngoma, unapiga kinanda, unarekodi maiki, unahariri, unamiksi na kumasta. Ila kila moja ilianza na kazi moja kabla ya kujifunza nyingine, na asili hiyo inaonekana bado pale unapoibana kwa kazi ngumu. FL Studio ilianza kwa kupanga mapigo. Cubase ilianza kwa kupanga noti za kinanda. Reaper ilianza kwa kunasa sauti. Matangazo yao yote leo yanafanana, orodha zao za uwezo zinafanana, na ndiyo maana kulinganisha kwa orodha hakumsaidii mtu. Jiulize kwanza: muziki ninaouza mimi unazaliwa ndani ya kompyuta, au unaingia kupitia maiki? Nitazipima zote kwa swali hilo.

FL Studio: mfalme wa biti

Inatengenezwa na Image-Line ya Ubelgiji. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na jina la sasa lilikuja mwaka 2003. Ukiifungua leo bado unakutana na ile safu ya vitufe kumi na sita kwa kila ala. Unabonyeza kiki hapa, snea pale, haihati katikati, na baada ya dakika chache mdundo unatembea. Kwa anayejenga Bongo Fleva, singeli au amapiano, sijaona njia ya haraka kuliko hii. Na wateja wa muziki huo hapa si wa kubahatisha. Huu ndio mji uliompeleka bungeni mwanarap Joseph Mbilinyi, Sugu, mwaka 2010 na tena 2015, na ndiko alikotoka Rayvanny. Vijana wanaoamini kwamba wimbo unaweza kuwatoa Mbeya wapo kila mtaa.

Piano roli ya FL Studio, ukurasa wa kuchorea noti, ndiyo inayowafanya maprodyuza wengi wasiihame. Kuchora noti, kuzinakili, kupunguza nguvu ya moja na kuongeza ya nyingine, kuitelezesha besi kutoka noti hadi noti, yote unayafanya kwa mausi bila kinanda cha MIDI, yaani kinanda kinachotuma noti kwenye kompyuta. Kwetu hili lina uzito, maana wengi huanza na laptopu tupu na hedifoni.

Uzuri mwingine ni kwamba ukinunua mara moja unapata masasisho bure maisha yote. Aliyelipa miaka kumi na mitano iliyopita anashusha toleo la leo bila kuongeza hata senti. Kwa mtu asiyejua mwezi ujao kwaya ngapi zitakuja, kulipa mara moja na kumaliza ni utulivu mkubwa wa moyo.

Kuna na suala la ngoma zetu. Maktaba za sauti zinazokuja na programu hizi zimejaa ngoma za Marekani na Ulaya. Ngoma ya Rungwe au ya Kalenga utaitafuta mwenyewe kwa maiki. Hapo FL Studio inakubeba vizuri sana. Unarekodi pigo moja la ngoma, unalikata ndani ya Edison, ambacho ni kihariri sauti chake, unaliburuta hadi kwenye safu ya vitufe, na tayari una ala mpya ambayo hakuna prodyuza wa Lagos aliye nayo. Ningependa kuona studio za Nyanda za Juu Kusini zikifanya hivi kwa wingi kuliko kutegemea pakiti za sauti zinazozunguka kwenye Telegram, ambazo kila mtu anazo na kila wimbo unatoka nazo. Kumbuka tu kwamba ngoma nyingi za kwetu hugawa pigo katika tatu, ilhali ule mpangilio wa vitufe kumi na sita unakuelekeza kwenye nne. Tangu toleo la 20 la mwaka 2018 unaweza kubadilisha mgawanyo wa vipimo, kwa hiyo badilisha kabla hujaanza kupanga, la sivyo utaipinda ngoma ifuate kompyuta.

Sasa mipaka yake, na mingi iko upande wa maiki.

Wa kwanza umewaumiza watu mfukoni: toleo la bei ya chini, liitwalo Fruity, halirekodi sauti. Unaweza kutengeneza biti nzima ndani yake lakini huwezi kuingiza mwimbaji. Anayetaka kurekodi aanzie toleo la Producer. Vilevile vifaa vya kurekebisha sauti iliyotoka nje ya noti, Newtone na Pitcher, vipo kuanzia toleo la Signature. Soma orodha ya matoleo kabla ya kulipa.

Wa pili ni namna ya kurekodi. Ukirekodi ndani ya Edison, sauti inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta hadi uihifadhi. Umeme ukikatika kabla ya hapo na laptopu haina betri nzima, ubeti umekwenda. Rekodi kupitia miksa iende kwenye diski na kwenye ukurasa wa kupanga wimbo.

Wa tatu ndio mzito zaidi, nao ni kwaya yenyewe. Kurekodi maiki nane kwa pamoja inawezekana. Shida inaanza baada ya hapo. Kwaya imeimba ubeti wa pili mara tano. Soprano walikuwa safi mara ya kwanza, besi mara ya nne, na mara ya tatu kuna mtu amekohoa. Kuchagua vipande bora kutoka katika marudio hayo, ukiwa na traki nane, moja kwa kila maiki, kwa kila rudio, ni kazi ambayo FL Studio inaifanya kwa kusuasua. Utafika, ila utafika usiku wa manane. Na kama kwaya iliimba na kinanda bila kliki, ule mlio wa kuhesabu mwendo masikioni, mwendo ukapanda kwenye kiitikio na kushuka kwenye ubeti kama kwaya zinavyofanya, kuifanya FL Studio imfuate mwimbaji ni mateso. Imezoea mwimbaji kuifuata yenyewe.

Cubase: mzee wa kazi

Cubase ya kampuni ya Steinberg, Hamburg, Ujerumani, ilitoka mwaka 1989 kwenye kompyuta za Atari. Tangu 2005 Steinberg ni mali ya Yamaha. Hata kama hujawahi kuigusa, unaitumia kila siku bila kujua: VST, mfumo unaofanya plagini moja, yaani programu ndogo ya ala au ya kurekebisha sauti, ifunguke katika programu tofauti, ulitoka kwa Steinberg mwaka 1996, na ASIO, njia inayoifanya Windows ipitishe sauti haraka kati ya saundi kadi, kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, na programu, ni yao pia.

Nguvu yake ni uwiano. Noti za kinanda inazishughulikia kwa undani, na sauti ya maiki inaihariri kwa undani uleule. Marudio ya mwimbaji yanapangwa moja chini ya jingine ndani ya traki ileile, na unachora tu kipande unachokitaka katika kila rudio. VariAudio, iliyoingia mwaka 2009 na toleo la 5, inakuonyesha kila silabi ya mwimbaji kama kibao juu ya piano, unaishika na kuisogeza hadi mahali pake. Kwa mwimbaji mmoja wa kuongoza kifaa hiki ni cha ajabu. Kwa kwaya iliyorekodiwa kwa maiki moja hakisaidii, maana kinahitaji sauti moja moja. Hili nalisisitiza kwa sababu wapo walimu wanaoamini kompyuta itainyoosha alto nzima. Haitainyoosha. Alto wanyooshwe kwenye mazoezi.

Kuna jambo linalotokea kila kwaya ikija. Kinanda kimesharekodiwa chote, ndipo mwalimu anasema, "Mwanangu, tushushe kidogo, akina mama hawafiki juu." Kama kinanda kilirekodiwa kwa MIDI, yaani kama noti na si kama sauti, Cubase inashusha ufunguo wa wimbo mzima kwa mara moja, ngoma zikabaki zilivyo ukiziambia zibaki. Programu nyingine nazo zinashusha MIDI, lakini Cubase imelipanga jambo hili kama kitu cha kawaida na si cha kutafutwa. Kihariri chake cha muziki ulioandikwa ni kizuri sana, ingawa walimu wetu wengi husoma na kuandika kwa sol-fa, kwa hiyo wasikuuzie toleo kubwa kwa sababu hiyo peke yake.

Toleo la Pro lina chumba cha usimamizi ambacho humpa kila mwimbaji mchanganyiko wake masikioni: mpiga besi asikie ngoma zaidi, kiongozi ajisikie mwenyewe. Ni faida kwa studio yenye saundi kadi yenye njia nyingi za kutoa sauti. Kwenye saundi kadi ndogo yenye matundu mawili hutaiona faida hiyo.

Bei ndiyo inayoitenga. Pro ni karibu dola 580, na masasisho makubwa yanalipiwa tena. Artist ni nafuu kuliko hiyo na ina VariAudio. Elements ni karibu dola 100 na imepunguzwa mambo mengi. Hadi mwaka 2022, toleo la 12 lilipotoka, Pro ilihitaji kijiti cha USB cha leseni, na kijiti kikipotea studio inasimama. Sasa leseni inafungwa kwenye kompyuta kwa akaunti. Wengi hapa bado wanatumia Cubase 5 ya mwaka 2009 iliyokrakiwa, na ninaelewa kwa nini: ni nyepesi, wanaijua kwa macho yaliyofumba. Nitalirudia suala hilo la kraki mbele kidogo.

Reaper: ndogo kwa umbo

Reaper ilianza kupatikana mwishoni mwa mwaka 2005. Mwanzilishi wake ni Justin Frankel, yuleyule aliyeitengeneza Winamp iliyokuwa ikipiga nyimbo katika kompyuta za kila intaneti kafe. Faili ya kuiweka ina takribani MB 15. Soma tena tarakimu hiyo kama wewe ni mtu wa bando. Logic Pro ya Apple, ukiweka maktaba yake yote ya sauti, inakula GB 72. Reaper unaishusha ukiwa Kyela kwa mtandao wa kusuasua, na unaweza kuiweka kwenye flashi na kuifungua kwenye kompyuta ya kanisa.

Inarekodi maiki nyingi kadiri saundi kadi inavyoruhusu, na haina matoleo madogo na makubwa: kila anayeishusha anapata programu nzima. Siku 60 za majaribio hazijafungiwa chochote. Tangu toleo la 7 la mwaka 2023, marudio ya mwimbaji yanapangwa katika njia zake ndani ya traki, na unafagia kwa mausi juu ya vipande unavyovitaka. Ile kwaya ya ubeti uliorudiwa mara tano, yenye maiki nane, unazifunga traki zote nane pamoja na kuchagua mara moja kwa zote. Kazi ya usiku mzima inakuwa ya saa moja. Kwa kurekodi kwaya, kwa maoni yangu, hakuna kitu cha bei hii kinachoikaribia.

Na mwendo unaopanda na kushuka? Unapita juu ya rekodi ukiweka alama kila mwanzo wa kipimo, na gridi inamfuata mwimbaji. Baada ya hapo unaweza kuongeza ngoma za kompyuta juu ya kwaya iliyoimba kwa uhuru wake, zikakaa mahali pake. Cubase inafanya hivyo pia, na Logic tangu 2018 ina njia ya kuutambua mwendo yenyewe.

Upungufu wake ni mkubwa na nausema bila kuupunguza: haina ala. Ukiifungua utakuta sintesaiza ya kujaribia, kichezesha sampuli cha kawaida, na basi. Hakuna piano, hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna vinubi. Lazima uzitafute nje. Za bure na nzuri zipo, kama Vital na Surge XT kwa sintesaiza na MT Power Drum Kit kwa ngoma, lakini kuzitafuta, kuzishusha na kuzipanga ni kazi ya wiki nzima ambayo mwenye FL Studio haifanyi. Sura yake nayo ni kavu, menyu ndefu, na mtu mpya atajiona amepotea. Piano roli yake inafanya kazi, ila aliyezoea ya FL Studio ataona imefungwa miguu.

Kwa hiyo kuiita Reaper programu yenye kila kitu ni kweli kwa upande wa maiki na si kweli kwa upande wa ala.

Nyingine, kwa haraka

Logic Pro inauzwa takribani dola 200, mara moja, na kilichomo ndani yake kwa bei hiyo ni kingi mno: mpiga ngoma wa kompyuta anayekufuata, piano, magitaa, kirekebisha sauti, kila kitu. Kama tayari una Mac, mjadala huu wote haukuhusu sana. Inunue, na kabla ya hapo anza na GarageBand ya bure, maana mradi wake unafunguka ndani ya Logic. Kama huna Mac, usiinunue Mac kwa ajili ya Logic wakati huna bado maiki nzuri wala chumba kilichotulizwa mwangwi.

Ableton Live ya Berlin, iliyotoka mwaka 2001, inang'aa jukwaani. Bendi ya kusifu inayotaka kupiga na kliki masikioni na vipande vilivyorekodiwa nyuma yao itaipenda. Kwa studio ya kurekodi kwaya unalipia uwezo usioutumia.

Reason ya Stockholm inafaa kutazamwa kwa sababu ndiyo iliyolishika wazo la kila kitu kwa ukaidi kuliko zote. Ilipotoka mwaka 2000 ilionekana kama kabati la vyombo, na ukibonyeza Tab kabati linageuka nyuma unaona nyaya na kuziunganisha kwa mkono. Sauti nzuri, fundisho zuri la namna vyombo vinavyofanya kazi. Lakini hadi mwaka 2011 haikuwa ikirekodi sauti ya maiki ndani yake, na hadi 2017 ilikataa plagini za VST za wengine. Waliojenga miaka yao yote humo walibaki na kile tu ilichowapa. Tangu 2019 kabati hilo linafunguka kama plagini ndani ya programu nyingine, na leo ningeishauri kwa sura hiyo.

Kwa asiye na kompyuta kabisa kuna BandLab ya Singapuri, ya bure, kwenye simu na kwenye kivinjari. Inatosha kushika wazo, kumtumia mwenzako aongeze sauti, na kutoa demo. Inategemea intaneti na maiki ya simu, na kwenye simu nyingi za Android sauti inakurudia masikioni imechelewa, jambo linalomtoa mwimbaji kwenye mdundo. FL Studio Mobile ni bora kwa anayetarajia kununua kompyuta baadaye, kwa kuwa kazi ya simu inaweza kufunguliwa ndani ya FL Studio ya kompyuta.

Mvua, umeme na laptopu yenyewe

Kuanzia Novemba hadi Aprili, na Tukuyu hata zaidi ya hapo, bati likipigwa na mvua hakuna kurekodi. Kwaya inaimba ubeti mmoja kati ya mvua na mvua, inasubiri, inaimba mwingine. Hii ndiyo sababu nimelitilia mkazo suala la kuchagua na kuunganisha vipande. Studio yenye dari ya zege katikati ya Nairobi inaweza kulipuuza. Ya Soweto ya Mbeya haiwezi. Programu inayokuwezesha kuingia katikati ya mstari, kurekodi maneno matatu na kutoka bila kuacha alama ndiyo itakayokulisha msimu huo. Reaper na Cubase zinafanya hivyo kwa urahisi.

Umeme ukikatika, programu zote tatu zina njia ya kujihifadhi zenyewe kila baada ya muda; iwashe na uipunguze iwe dakika chache. Laptopu yenye betri hai ina thamani kuliko kompyuta kubwa ya mezani isiyo na UPS.

Kuhusu ukubwa wa mashine, hesabu ni rahisi. Sauti ya maiki moja kwa biti 24 na kHz 48 inachukua karibu MB 8.6 kwa dakika. Maiki nane, wimbo wa dakika tano, marudio matano: karibu GB 1.7 kwa wimbo mmoja. Albamu ya nyimbo kumi inajaza GB 17 kabla hujamiksi. Nunua diski ya nje, nakili kila jioni. Kwa RAM, GB 8 ni mwanzo mzuri. Reaper ni nyepesi kuliko wenzake kwenye laptopu za mitumba. FL Studio inatembea vizuri hadi unapojaza plagini nzito. Cubase mpya inadai mashine yenye nguvu.

Kuchelewa kwa sauti si suala la programu sana bali la saundi kadi na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukipitisha. Bafa ya sampuli 256 kwa kHz 44.1 ni chini ya milisekunde 6, na mwimbaji hailalamikii. Ya 1024 ni zaidi ya 23, na ataanza kukokota. Rekodi kwa bafa ndogo, miksi kwa kubwa.

Pesa na kraki

Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,600, Reaper ya dola 60 ni kama shilingi 156,000. Leseni hiyo nafuu inaruhusiwa kwa anayeitumia kibiashara alimradi mapato yake ya mwaka hayazidi dola 20,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 50. Juu ya hapo ni dola 225. FL Studio Producer, karibu dola 200, ni kama nusu milioni. Cubase Pro ni milioni moja na nusu. Malipo hufanyika kwa kadi ya benki au kadi za mtandaoni za pesa za simu. Kabla ya kulipa, angalia ndani ya boksi la saundi kadi yako mpya: saundi kadi za Steinberg huja na Cubase AI, za Focusrite huja na Ableton Live Lite. Ni matoleo madogo lakini ni halali na yanarekodi.

Najua wengi watauliza kwa nini walipe wakati kwenye flashi ya rafiki ipo bure. Programu iliyokrakiwa huja na virusi, hufa katikati ya kazi ya kwaya iliyolipa nauli kutoka Makete, na haisasishwi. Hilo ni la kiufundi. Lipo la haki pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ileile tunayoitegemea tunapokwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kulalamika kwamba biti zetu zimeibwa, inalinda na programu za kompyuta. Aliyeandika programu ni mtunzi kama mimi na wewe. Na zamani tungeweza kusema bei inatufungia nje, lakini kwa Reaper ya shilingi 156,000 hoja hiyo imekwisha nguvu.

Ningechagua nini

Kama wateja wako ni vijana wa biti na kwaya zinakuja kwa nadra, chukua FL Studio Producer, uijue mpaka mwisho, na kwaya zitakapokuja wape kliki masikioni waimbe kwa kuifuata. Kama unaishi kwa kwaya, bendi za kanisa na magitaa, chukua Reaper, na pesa iliyobaki nunua maiki na mablanketi ya ukutani. Cubase Artist au Pro ningempa mwenye studio iliyokwisha kukaa sawa, mpiga kinanda mzuri, anayetaka kutunga na kurekodi kwa kina kilekile bila kuhamahama. Mwalimu wa muziki shuleni Iringa mwenye kompyuta kumi za zamani aanze na Reaper katika siku za majaribio, aone nani ana moyo.

Na yule wa mwanzo, mwenye wateja nusu kwa nusu? Nadhani asitafute programu moja. FL Studio Producer na Reaper kwa pamoja ni kama shilingi 676,000, chini ya nusu ya Cubase Pro. Biti inajengwa FL Studio, kila ala inatolewa kama faili yake ya WAV kuanzia kipimo cha kwanza, zote zinaingizwa Reaper kwa mwendo uleule, na waimbaji wanarekodiwa huko. Njia hii ina gharama yake: ukitaka kubadilisha besi baada ya sauti kuingia, unarudi FL Studio, unaitoa upya na kuiingiza upya. Kwa sababu hiyo mwanafunzi asianze hivi. Ajifunze moja kwa mwaka mzima kwanza. Lakini faili za WAV zilizoanza kipimo cha kwanza zitafunguka kwenye programu yoyote, na kwaya ikirudi baada ya miaka mitano kutaka wimbo wao umiksiwe tena, utakuwa nazo hata kama programu uliyoanza nayo umeshaiacha.